Nyumba Iliyovuka Barabara

Ramani mpya ya kata ilitoka kwenye gazeti la kaunti siku ya Jumatano, na Shangazi Ozella akaitandaza juu ya meza ya jikoni kabla hata hajavua aproni. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Renita," akaniita, "hebu njoo uniambie kama macho yangu yamezeeka au hawa watu wamerukwa na akili."

Nikainama juu ya gazeti. Mpaka kati ya Kata ya Tatu na Kata ya Nne siku zote umekuwa Kijito cha Otter, kinachopita nyuma ya uwanja wetu. Babu yangu alizaliwa kijito hicho kikiwa mpaka. Kwenye ramani mpya mstari ulifuata kijito vizuri tu, ukipinda kinapopinda, hadi ulipofika nyuma ya nyumba yetu. Hapo ukakiacha. Ukapanda juu kando ya makaburi ya kanisa, ukaigusa barabara, ukapita mbele ya ngazi zetu, kisha ukashuka pembeni mwa kinamasi na kurudi kijitoni. Baada ya hapo ukaendelea na safari yake kana kwamba haukufanya kitu.

Ndani ya ile pembe kulikuwa na nyumba moja tu. Yetu.

"Wametung'oa kama jino," nikasema.

"Wamening'oa mimi," Shangazi akasema. "Wewe hugombei."

Hakuna mtu katika kitongoji chetu cha Sweetgum ambaye hakujua kwamba Shangazi angegombea udiwani wa Kata ya Tatu. Tangu kaunti ifungue dampo juu ya kilima, maji ya visima vyetu yamekuwa na rangi ya chai na harufu ya yai bovu. Bomba la maji safi la kaunti linakuja vizuri kutoka mjini, linafika darajani, na pale darajani linakoma. Upande wa pili wa daraja ndiko tuliko sisi. Kila halmashauri ilipokutana, Shangazi alikwenda na chupa ya kioo iliyojaa maji ya kisima chetu, akaiweka mbele ya madiwani na kuwaambia, "Karibuni mnywe." Hakuna aliyewahi kunywa.

Kazi ya kuibeba hiyo chupa ilikuwa yangu. Mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunikauka mdomoni. Kwa hiyo Shangazi alisema, mimi nikashika chupa.

Diwani wetu alikuwa Garland Meeks, ambaye hajawahi kukanyaga upande wetu wa daraja ila kwenye mazishi. Sheria inasema anayegombea kata awe anaishi ndani ya kata hiyo siku anapochukua fomu. Mstari ukishapitishwa mbele ya ngazi zetu, Shangazi angekuwa mkazi wa Kata ya Nne, kwenye watu wa mjini wenye bomba, wasiomjua wala kuijua chupa yake.

"Watanikuta kwenye mkutano wao, hukohuko mahakamani," alisema, akalikunja gazeti kama mtu anayemkunja mwenzake.

Mkutano wa kuwasikiliza wananchi ulifanyika kwenye ukumbi wa mahakama. Serikali ya jimbo ilimtuma kijana mmoja mwenye tai nyembamba na kompyuta, aje kutueleza jinsi ramani ilivyochorwa. Madiwani walikaa mbele kwenye viti vya ngozi. Sisi tulikaa kwenye mabenchi. Kila msemaji alipewa dakika mbili.

"Hatukuangalia nyumba ya mtu yeyote," kijana alisema. "Kompyuta inagawa idadi ya watu ili kata zote zilingane. Ni hesabu tu."

Shangazi akasimama. Mimi nikasimama nyuma yake na chupa.

"Mwanangu," alisema, "hiyo kompyuta yako nimeikosea nini?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kidogo, akashika tai yake.

"Hapana, mama. Kompyuta haina kinyongo na mtu."

"Katika ile pembe tunaishi wawili, mimi na huyu mtoto wa kaka yangu. Kaunti nzima ina watu kama mchanga. Ulipotutoa sisi wawili, ukawa umesawazisha nini?"

Kijana akatazama skrini yake. Garland Meeks akagonga meza.

"Muda wako umekwisha, Ozella."

"Sijajibiwa."

"Muda wa kujibiwa pia umo humohumo."

Tulikuwa tunarudi kwenye benchi nilipomwona Mzee Coy Lassiter akinyanyuka kwa mkongojo wake. Nikamgusa Shangazi. Naye alipomwona akasema, "Ee Mungu, na huyu tena."

Mzee Lassiter ni jirani yetu. Anaishi ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na mashamba ya viazi vitamu. Zamani alikuwa seneta wa jimbo, wa chama hichohicho cha Garland Meeks, na alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyochora mipaka ya maeneo ya bunge na ya kata. Yeye na Shangazi walikuwa na ugomvi wa miaka mingi kuhusu jogoo wetu, ambaye huwika kabla jua halijawaza kuchomoza. Hawakusalimiana ila kwa kupigiana kelele kuvuka lami.

Garland alipomwona alifurahi mpaka masikio yakasogea. "Seneta! Karibu sana. Wewe hatukupimii muda."

"Nipimie," Mzee Lassiter alisema. "Hapa nimekuja kama mkulima wa viazi."

Akakiegemeza kifua kwenye mkongojo.

"Kijana, mimi nimechora ramani za jimbo hili. Hatukuwa na kompyuta. Tulitandaza karatasi sakafuni, tukavua viatu tusizichafue, tukatambaa na penseli kama watoto. Kuna mtu alikaribia kunishinda uchaguzi. Nikamchora nje. Aliponiuliza kwa nini, nikamwambia ni hesabu tu. Neno hilo nililisema mimi kabla baba yako hajaoa, kwa hiyo usinirudishie."

Akawageukia madiwani.

"Wale wa chama kingine walipokuwa na madaraka walituchora sisi. Tukalia haki. Tulipoingia sisi, tukachonga penseli. Walipolia wao, tukawaambia mlianza nyie. Nimezeeka nikisema wao ndio walioanza. Siku hizi hata sijali nani alianza. Mtu akiogopa kura, atoke aende akaziombe. Asichore."

"Seneta," Garland alisema, na uso wake haukuwa tena na furaha, "mbona unamfanyia kampeni Ozella Pugh?"

"Nani? Mimi?" Mzee Lassiter akageuka, akamtazama Shangazi kutoka kichwani hadi miguuni. "Mimi simpigii kura huyu mwanamke hata nikibebwa. Ila nataka kumnyima kura kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki kompyuta inisaidie."

Hata kijana wa serikali alicheka. Lakini mwishoni madiwani walipoulizwa kama wanaikubali ramani, mkono wa Garland Meeks ndio uliotangulia kupanda, na mingine ikafuata. Wiki haikuisha, serikali ya jimbo ikaipitisha.

Jumapili baada ya ibada, Mzee Lassiter alikuja akasimama ukingoni mwa lami, upande wake. Shangazi alikuwa amekaa kwenye baraza ya mbao, ameshavua viatu vya kanisani.

"Umeniharibia, Coy," alimpigia kelele. "Sasa watu wanasema natetewa na mwizi mstaafu."

"Mwizi mstaafu ndiye anayejua madirisha yote."

"Basi ungeyafunga ulipokuwa na funguo!"

Mzee akavuka barabara. Sikuwahi kumwona akivuka kabla ya siku ile. Akaja akasimama chini ya baraza, na Shangazi hakumkaribisha kukaa.

"Angalau sisi tulikuwa na Mheshimiwa Tolliver," Shangazi alisema. "Yeye hakuchora mtu nje. Alisimama bungeni peke yake akawapinga nyie wote."

Picha ya marehemu Ephraim Tolliver ilikuwa ukutani sebuleni kwetu, imewekewa fremu ya shaba. Alikuwa mbunge wa kwanza mweusi kutoka sehemu zetu. Nikiwa mdogo nilidhani ni babu yangu mwingine.

Mzee Lassiter akachokoa changarawe kwa ncha ya mkongojo.

"Una nini?" Shangazi akauliza. "Sema."

"Acha tu, Ozella."

"Sema, au rudi kwenye viazi vyako."

"Ephraim alikuwa amevua viatu naye."

Shangazi akainuka kitini.

"Tulikuwa naye palepale sakafuni. Tuliwakusanya watu wenu wote tukawaweka kwenye eneo lake moja, wakajaa kama sadini. Hakushindwa uchaguzi tena mpaka alipofariki. Maeneo yote yaliyomzunguka yakabaki ya chama chetu. Aliniambia kiti kimoja cha uhakika ni bora kuliko vitatu vya kuombea. Tukapeana mikono. Alikuwa mtu mwema, sikwambii hakuwa. Lakini kila uliposimama na chupa yako ukakuta viti vyote mbele yako ni vya kina Garland, ujue Ephraim naye alivichora."

Nilitaka Shangazi apige kelele. Alisimama tu, miguu mitupu, akatazama mlango wa sebule. Kisha akashuka ngazi polepole, akafika chini, na pale akaupiga teke ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Nyumba yetu ni trela, ya aina inayojengwa kiwandani na kuletwa ikivutwa na lori. Ni ndefu na nyembamba, ya bati jeupe, na chini imezungushiwa mabamba ya plastiki ili baridi na sungura visiingie. Bamba alilolipiga teke likaanguka. Nyuma yake, gizani, katikati ya utando wa buibui, kulikuwa na ekseli, na kwenye ekseli kulikuwa na gurudumu. Watu wengi wakishasimamisha trela huyatoa magurudumu. Baba yangu, aliyeileta nyumba ile, alisema angeyatoa kesho, na aliendelea kusema hivyo mpaka alipofariki.

Shangazi aliliangalia lile gurudumu. Mzee Lassiter naye akaliangalia.

"Coy," Shangazi alisema taratibu, "hawa watu wamechora nyumba yangu wakidhani imeota mizizi."

Mzee akaanza kutikisika. Nilidhani anaugua. Kumbe anacheka.

"Kompyuta yao inaona paa tu," alisema. "Inatazama kutoka juu. Haioni magurudumu!"

"Kushoto kwangu ni makaburi. Kulia ni kinamasi. Lakini nikivuka barabara niko Kata ya Tatu."

"Ukivuka barabara uko shambani kwangu."

"Si ndiyo nakwambia."

Kicheko kikamwisha. Akageuka akatazama shamba lake, lililokuwa limeshavunwa, udongo mtupu mpaka kwenye ghala. Akalitazama kama mtu anayeaga kitu.

"Jogoo haji," alisema.

"Jogoo anakuja."

"Basi alale bandani kwangu, na mlango ufungwe mpaka saa ya kifungua kinywa."

"Hilo," Shangazi alisema, "tunaweza kulizungumza."

Tulihama Jumamosi. Dewey Tripp, anayehamisha trela kaunti nzima, alikuja na lori lake na kibali cha barabara kimebandikwa kwenye kioo. Alibadilisha matairi yaliyooza, akayajaza upepo, akatuonya kwamba mabati ya zamani hayatabiriki. Wanaume wa kanisani wakaikata baraza kwa msumeno na kuiweka pembeni. Kina mama wakaleta kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi, kwa sababu huku kwetu huwezi kumwambia mtu aje kusaidia halafu asile. Vyombo tulivifunga kwa blanketi. Nilipoitoa ukutani picha ya Mheshimiwa Tolliver nilimtazama Shangazi.

"Mfunge kama sahani nyingine," alisema. "Huko tuendako atakaa jikoni. Nataka anione nikichemsha haya maji kabla ya kuyanywa."

Lori likanguruma. Nyumba ikalia kama mtu anayeamshwa, ikajivuta, ikapanda juu ya lami. Shangazi alitangulia mbele yake kwa miguu, na kofia yake ya kanisani kichwani. Watu walipiga makofi. Jogoo, ndani ya kikapu kwenye kiti kando ya Dewey, aliwika.

Ndipo tairi likapasuka.

Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki. Nyumba ikainama upande mmoja, ikasimama imekingama barabarani, pua yake ikielekea shambani kwa Mzee Lassiter na mkia wake ukiwa bado kwetu. Dewey akaanza kulaani, akakumbuka kina mama wa kanisa wapo, akamalizia kwa kuimba. Magari yakaanza kujipanga pande zote mbili. Na gari la mbele kabisa, upande wa darajani, lilikuwa pikapu ya Garland Meeks.

Alishusha kioo.

"Ozella! Ondoa hiki kitu barabarani!"

"Kiko njiani kuondoka, Garland. Vuta subira."

"Najua unachofanya. Hii ni hila! Mnachezea mpaka!"

Kwanza watu hawakuamini masikio yao. Kisha kicheko kilipasuka kuliko lile tairi. Mama mmoja ilibidi ashikwe asianguke na sinia la kuku.

"Eti tunachezea mpaka!" alipiga kelele. "Jamani, mshikeni huyu asijing'ate ulimi!"

Shangazi akaisogelea pikapu.

"Mpaka uko wapi, Garland? Nionyeshe, mimi siuoni. Sasa hivi sebule yangu iko Kata ya Tatu na chumba cha kulala kiko Kata ya Nne. Unataka nigombee nikiwa nimekaa au nikiwa nimelala?"

Garland akawa mwekundu. Akatafuta mtu wa kumwambia neno asiyeweza kumrudishia, na macho yake yakaniangukia mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa pikapu na chupa ya maji mikononi, kwa sababu hatukuthubutu kuifunga pamoja na vyombo.

"Wewe binti," alisema, "wewe unaonekana una adabu. Mwambie shangazi yako anajiaibisha mbele ya watu."

Watu wote walinigeukia. Maneno yakanikauka mdomoni kama siku zote. Nikafungua kifuniko. Harufu ikatoka. Nikainyoosha chupa ndani ya dirisha lake mpaka karibu na kidevu.

"Kunywa," nikasema.

Alinitazama. Sikuirudisha chupa.

"Kunywa, diwani."

Akapandisha kioo mpaka kikakaribia kunibana vidole. Nyuma yangu nilisikia sauti ya Dewey akizungusha jeki, na nyumba ikinyanyuka kidogokidogo.

Jua lilipofika magharibi tulikuwa ng'ambo. Umeme ulitoka kwenye ghala la viazi. Baraza ilipigiliwa misumari upya, ikielekea upande tulikotoka.

Siku ya kuchukua fomu tulikwenda watatu kwenye ofisi ya uchaguzi: Shangazi, mimi na Mzee Lassiter. Bi Paulette, karani wa pale, aliandika anwani yetu mpya kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Bi Ozella, hapa panaonyesha shamba la viazi."

"Ni shamba la viazi. Lina nyumba."

Wakili wa Garland Meeks alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, akisubiri hilo hasa. Akasimama akifunga vifungo vya koti.

"Ile si nyumba ya kuishi," alisema. "Imeegeshwa tu. Sheria inataka mtu awe anakaa pale kweli. Tuna mashaka kama huyu mama amelala pale hata mara moja."

Bi Paulette akamtazama Shangazi kwa huruma. "Kuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba unalala pale?"

Mzee Lassiter akaweka mkongojo juu ya kaunta. Macho yake yalikuwa mekundu, na chini yake kulikuwa na mifuko kama ya unga.

"Mimi," alisema. "Jogoo wake anavunja mlango wa banda langu. Anapanda kwenye dirisha la chumba changu. Sijapata usingizi wa maana tangu hawa watu wahamie. Binti yangu, nimeapa viapo vingi katika maisha yangu, na vingine nilivunja, lakini hiki nitakirudia mbele ya jaji yeyote utakayemleta. Huyu mwanamke anakaa pale."

Bi Paulette akauma midomo asicheke, akachukua muhuri, akaugonga kwenye fomu kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka kwenye kikombe.

Tulipotoka nje, wakili alitufuata hadi kwenye ngazi. Akamwambia Shangazi, kwa sauti ya chini ya kistaarabu, kwamba bunge la jimbo bado linakaa, na ramani inaweza kurekebishwa wakati wowote kabla ya uchaguzi.

"Waambie wachore," Shangazi alisema. "Waambie tunasubiri."

Wiki ileile Dewey Tripp alikuja na vifaa vyake kutoa magurudumu, kama sheria za kazi yake zinavyotaka nyumba ikishatua. Shangazi alimpa chai kwenye baraza, akamwambia ayaache palepale. Mabamba ya plastiki hatukuyarudisha. Ukipita barabarani utayaona magurudumu yote waziwazi, meusi, yamekaa juu ya udongo wa viazi.

Nami kila Jumamosi, tukishamaliza kuzunguka nyumba za watu kuomba kura, huchukua pampu ghalani kwa Mzee Lassiter, nikapiga magoti, nikayajaza upepo.